Msonyo Ndani ya Gari la Kijani

Msonyo wa kwanza ulitoka nyuma ya gari mchana kweupe, kabla hawajafika njia panda ya hospitali.

Ulikuwa msonyo wa mtu mzima, mrefu, wa kuvutwa polepole mpaka ukakatika wenyewe. Pikun, aliyekuwa ameshika usukani, alidhani ni mama yake. Mama yake, Bi Bunlom, aliyekuwa amelala nyuma juu ya godoro jembamba, alidhani ni mkwewe. Na mkwewe huyo, Wirat, aliyekaa mbele na boksi lake la tiketi za bahati nasibu mapajani, alidhani wote wawili wanamsonya yeye.

"Sasa nimefanya nini tena?" aliuliza.

"Nani kakugusa?" Pikun alijibu bila kugeuka.

"Nimesonywa."

"Mimi mdomo umenikauka tangu asubuhi, hayo mate ya kukusonyea nitayatoa wapi?" alisema Bi Bunlom. "Ila kama umesonywa, jichunguze."

Waligombana mpaka getini. Pikun mwenyewe alishangaa, maana hasira ilimpanda shingoni kama mtu aliyekalia jiko, akamwambia mumewe maneno ambayo miaka yote ya ndoa aliyameza. Walimshusha Bi Bunlom, wakamweka kwenye kiti chake cha magurudumu, Wirat akatangulia kumsukuma huku amevimba. Pikun akabaki kufunga milango. Alipogeuza ufunguo, gari likiwa tupu na vioo vyote viko juu, alisikia msonyo wa pili. Ulikuwa ndani.

Gari lenyewe walikuwa nalo kwa siku chache tu.

Pikun alilihitaji, na hakuwa na muda wa kuchagua kwa maringo. Figo za mama yake zilikuwa zimekufa. Ilibidi apelekwe hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki; akikosa safari moja alivimba miguu, akikosa mbili angezikwa. Pikapu, ambazo kila mtu hapa kwetu Lampang, Thailand, anazo, ziko juu, na kumpandisha Bi Bunlom kwenye pikapu ya jirani kulihitaji wanaume wawili na matusi ya kutosha. Vigari vidogo vya bei anayoiweza havikuingiza kiti cha magurudumu. Mabasi madogo yalikunywa mafuta kuliko anachopata kwa kuuza tambi za mchele sokoni.

Ndipo akaliona gari la Mzee Udom, mwalimu mstaafu. Lilikuwa stesheni wagon ya zamani kutoka Ulaya, refu, la chini chini, la kijani cha jani la mgomba. Viti vya nyuma vililala kimoja kimoja. Ukilaza cha kushoto, mgonjwa anajinyoosha kabisa na kiti chake kinakaa miguuni pake. Cha kulia kinabaki wima kwa yeyote atakayetaka kumshika mkono. Mlango wa nyuma ulifunguka kwenda juu ukawa paa wakati wa mvua. Spea zake ni shida, na Mzee Udom hakuficha, lakini injini ilikuwa ya kizamani, haina makompyuta, fundi yeyote mwenye akili angeielewa. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu hakuna aliyelitaka.

"Pikun, umenunua gari au umenunua kitanda chenye magurudumu?" jirani yake Dada Chalao alimtania alipoliona.

"Kitanda," alisema Pikun. "Siku ukiugua utakiomba."

Aliyenuna ni Wirat. Wirat alizaliwa Jumamosi, na wa Jumamosi rangi yake ni nyeusi na adui yake ni kijani. Mtu anayeuza bahati nasibu huishi kwa mambo hayo. Alikuwa na shati la kila siku ya wiki, hakunyoa Jumatano, na hakuvuka mlango kabla hajajua mguu upi uanze.

"Kijani? Mimi wa Jumamosi? Unataka nife?"

"Nataka mama asife."

"Tutafute jingine."

"Tafuta. Kesho ana hospitali, mbebe mgongoni huku unatafuta."

Akakubali, kwa masharti. Kwanza, kadi ya gari iandikwe jina lake, maana yeye ndiye mwanaume wa nyumba na pikipiki yake ndiyo iliyouzwa kujazia bei. Pili, abandike stika. Hilo halikumshangaza mtu. Kwetu utaona gari jeupe limeandikwa kwa nyuma kwamba ni jekundu, ili bahati isome maandishi badala ya kutazama rangi, na hakuna anayecheka. Wirat alinunua stika yenye herufi nyeupe, akaibandika kwenye mlango wa nyuma: GARI HILI NI JEUSI.

Na kulikuwa na la tatu. Siku ya kukabidhiana, Mzee Udom alikuwa ametundika taji la maua ya yasmini kwenye kioo cha kutazamia nyuma, kwa heshima ya Mama wa Gari. Kila gari lina Mama wake, jini mwanamke anayekaa humo humo; ukimtendea adabu anakulinda barabarani, na wengi wetu tunakufa hatujawahi kumwona.

"Huyu wangu ana adabu, lakini ana hasira," Mzee Udom aliwaambia, huku akifuta boneti kwa mkono wa shati lake. "Marehemu mke wangu alikuwa akimsalimu kabla ya kugusa ufunguo. Mimi nimeshamuaga. Ninyi washeni udi, mtajieni mmiliki mpya ni nani. Jina lake na siku yake ya kuzaliwa. Msimdanganye, mwanangu. Hapendi kabisa."

"Hilo niachieni mimi," Wirat alisema upesi. "Ni kazi ya mwenye nyumba."

Pikun alimwachia, kwa kuwa mama yake alikuwa akiita maji. Aliporudi alikuta vijiti vya udi vimeteketea nusu na mumewe anapangusa magoti. Hakumuuliza alichosema. Mtu atamuulizaje mumewe kama ametaja jina lake mwenyewe?

Baada ya siku ile ya misonyo, rangi ilianza kubadilika.

Ilianzia pembeni mwa stika. Doa jeusi lilijitokeza kwenye kijani, dogo, kama weusi wa kitako cha sufuria. Pikun alilisugua kwa sabuni, akalisugua kwa mafuta ya taa, halikutoka. Kesho yake lilikuwa limefika kwenye kitasa. Wirat alilitazama akachekelea mpaka ufizi ukaonekana.

"Umeona? Stika inafanya kazi. Gari linageuka lenyewe."

"Rangi ya gari inaoza na wewe unafurahi?"

"Haiozi. Inatii."

Niseme wazi, watu wa namna ya Wirat wananikera. Jambo likiwa baya kwa wote na zuri kwake, atakuambia ni zuri. Alikwenda kunywa kahawa kwa Chalao akajisifu kwamba hata majini yanajua kusoma, na siku hiyo akauza tiketi zote.

Ndani ya gari, hasira ilikuwa abiria wa kudumu. Wakishafunga milango tu, wanaanza. Bi Bunlom, ambaye aliheshimiwa soko zima kwa upole, alimwita mwanawe mvivu. Pikun alimpigia honi mtawa anayevuka barabara na bakuli lake la sadaka, jambo ambalo mtu wa kwetu hathubutu. Wakishashuka wanatazamana kwa aibu, hakuna anayekumbuka ugomvi ulianzia wapi. Na kila mara ulikuwa umeanzia kwenye msonyo.

Halafu ikaja ile alasiri ya mvua.

Wirat alikuwa amebaki mjini na tiketi zake. Pikun alikuwa anamrudisha mama yake kutoka hospitali, wawili tu, na mvua ilikuwa inapiga paa kwa nguvu mpaka waipa za kioo hazikusaidia. Walipofika kwenye mashamba ya mpunga, harufu ikaja. Ilianza kama yasmini. Pikun akatazama taji kwenye kioo, akaona maua yamekuwa meusi yote, makavu, na uzi wake umelowa. Kisha ikaja harufu ya poda, ile poda ya baridi wanayojipaka akina mama wakitoka kuoga, na chini yake kitu kingine, kama nywele zilizoungua.

"Mwanangu," Bi Bunlom alisema kwa sauti ya chini sana. "Usigeuke."

"Kuna nini, Mama?"

"Kuna mama amekaa hapa, nyuma yako. Anauliza jina langu."

Pikun aliinua macho kwenye kioo polepole, huku mikono yake imeng'ang'ania usukani kama mtoto aliyeng'ang'ania nguo ya mama yake sokoni, na kwenye kioo hakuona mtu, aliona kiti tu, lakini kitambaa cha kiti kilikuwa kimebonyea kama kinavyobonyea mtu akikaa, na mkanda wa usalama, ambao hakuna aliyeufunga, ulikuwa umevutwa ukapita hewani na kufungwa, umekaza, ukipanda na kushuka kidogo kidogo kwa pumzi za asiyeonekana.

"Usimjibu," Pikun alinong'ona.

"Analijua tayari. Anasema, wewe ndiye Bunlom wa Jumatano? Anasema, gari lako wewe, na umeliita jeusi. Mwanangu, ana hasira. Anasema, siku zote nilikuwa kijani, nimebeba watu wangu nikiwa kijani, leo mnaniandika uongo mgongoni kama mwizi anayeficha mali, haya, mkitaka weusi nitawapa weusi, na nitaanza na mwenye gari."

Injini ikazima. Pikun akageuza ufunguo, na ufunguo ukageuka bila kugusa kitu, akageuza tena na tena huku akilia na kutukana na kuomba radhi kwa pumzi moja, na mvua ikazidi, na kwenye boneti mbele yake, kupitia kioo kilichojaa maji, akaona ule weusi unatambaa kutoka pande zote mbili, unakula kijani taratibu mpaka ukakutana katikati, na nyuma yake mama yake akatoa sauti ndogo, ya mtu aliyeshikwa mkono na mgeni asiyemtaka.

Msonyo ulikuja karibu kabisa na sikio la Pikun, na pumzi yake ilikuwa ya moto.

Injini ikawaka yenyewe.

Nyumbani, alipombeba mama yake kumwingiza ndani, aliziona kucha. Za mkono wa kulia zote zilikuwa nyeusi tangu mzizi, na weusi ulikuwa umeshaanza kupanda kwenye vidole.

Alimfunika mama yake, akampigia simu Mzee Udom, akamweleza yote.

"Mwanangu," mzee alisema, "huyo Mama hajawahi kumdhuru mtu. Kwa nini amemshika mama yako? Mlimtajia nani?"

Pikun akakata simu. Wirat alipoingia akitikisa mwavuli, mkewe alikuwa amesimama katikati ya chumba.

"Ulimtajia nani?"

"Nani?"

"Mama wa Gari. Ulisema mwenye gari ni nani?"

"Mimi, sasa nani mwingine? Kadi si jina langu?" Alicheka kidogo, akaanza kuvua viatu, na hakumtazama usoni.

Asubuhi walikwenda hekaluni. Pikun aliendesha, mama yake amelala nyuma anahema kwa shida, na Wirat alilazimishwa kupanda. Kwa hali aliyokuwa nayo ilibidi awahishwe hospitali kwanza, lakini gari lilikataa njia ya hospitali. Kila alipokata kona kuelekea huko, liliguna likazima, na alipolielekeza hekaluni likawaka. Kwa hiyo kila dakika waliyokuwa hekaluni ilikuwa inapunguza uhai wa Bi Bunlom.

Mtawa mkuu wa pale ndiye anayebariki magari ya mtaa mzima, anayeyachora dari kwa unga mweupe. Ni mzee mnene, hana subira, na akiamshwa na honi hufoka kama kondakta. Alishuka ngazi na kibakuli chake cha unga, akalizunguka gari mara moja, akasoma stika, akasimama.

"Mmeniletea gari au mmeniletea uongo?"

"Baba Mtawa, mama yangu anakufa," Pikun alisema.

"Naona. Mwenye gari ni nani?"

Wirat aliinamisha kichwa, mikono ameikutanisha kifuani. "Baba Mtawa, kwa kweli, gari ni la familia."

"Familia haizaliwi siku moja. Nimeuliza nani."

"Ni letu sote, tuseme..."

Msonyo ukatoka ndani ya gari. Safari hii waliusikia wote, na mbwa wa hekalu waliokuwa wamelala kivulini waliinuka wakaondoka. Mtawa hakushtuka. Alikasirika.

"Bwana wee, sikia. Huyo aliye humo ndani simtoi mimi. Yuko kwake. Mgeni ni wewe. Ulipowasha udi ulisema nini? Sema sasa hivi, maana mama wa watu anageuka mkaa huku unapanga maneno."

Wirat alitazama mlango wa hekalu, akatazama barabara, akatazama kucha za mkwewe. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo la busara:

"Mimi ni wa Jumamosi. Kijani kingeniua. Mama ni wa Jumatano, na kijani ndiyo rangi yake, haimdhuru. Nikamwambia Mama wa Gari kwamba gari ni la Bunlom wa Jumatano. Kama kuna mkosi, uende kwake. Ni mzee, Baba Mtawa. Na ni mgonjwa tayari. Nilidhani hautamwongezea kitu."

Kwenye kadi ya serikali gari ni lake. Mbele ya jini ni la mkwe.

Pikun alimpiga. Sitii chumvi hapa, alimpiga kofi la mkono mzima mpaka boksi la tiketi likamwagika uani, na angempiga tena kama mtawa asingeingiza kibakuli katikati.

"Mpigie nyumbani," mtawa alifoka. "Hapa aseme kweli kwanza! Haya, bwana. Jina lako. Siku yako. Mwambie gari ni la kijani na ni lako."

Weusi kwenye vidole vya Bi Bunlom ulipita kifundo cha mkono, wote wanauona, na Wirat alisimama pale anahesabu hasara.

"Labda tukimnunulia maua kwanza," alisema. "Maua mazuri."

"Niinue," Bi Bunlom alimwambia mwanawe.

Pikun alimwinua akamkalisha ukingoni mwa sakafu ya gari, chini ya ule mlango uliofunguka kama paa. Bibi yule alikuwa hana nguvu ya kushika kikombe. Lakini alikuwa amekasirika, na hasira ya mtu mpole ikifika imefika yote.

"Mama," alisema, na hakuwa anamwambia Pikun. Alikuwa amekigeukia kiti kile cha kulia. "Umeambiwa gari ni langu. Basi ni langu. Mimi ni Bunlom, nilizaliwa Jumatano, na gari langu ni la kijani. Limenibeba nikiwa nimelala, halijanirusha hata siku moja, nashukuru. Hayo maandishi si yangu. Aliyeyaandika namrudishia mwenyewe."

Akanyoosha ule mkono mweusi juu, kwenye mlango, akabandua stika. Ilitoka nzima, laini, kama ngozi ya ndizi.

"Wirat, mwanangu, njoo nikuage."

Na yule bwana, kwa mazoea ya adabu, akasogea akainama. Bi Bunlom akambandika stika kifuani juu ya shati, akaikandamiza kwa kiganja.

"Safari yako imeishia hapa," alisema. "Utarudi kwa miguu."

Mtawa akachovya kidole kwenye unga, akachora dari. Alipomaliza, kijani kilikuwa kimerudi mpaka kwenye kitasa, na lile gari likaenda hospitali moja kwa moja, halikuzima hata kwenye kona. Kufikia jioni kucha za Bi Bunlom zilikuwa za waridi. Daktari alisema ni mzunguko wa damu, nao wakamwitikia.

Wirat alihamia kwa dada yake, mwisho wa mtaa wetu. Stika aliibandua shati likachanika, akaitupa mtoni. Kadi ikaandikwa jina la Bi Bunlom, naye kila asubuhi alisalimia kabla ya kuondoka, na taji lilibadilishwa kabla halijanyauka. Ndani ya gari pakawa na utulivu mpaka Chalao akawa anaomba lifti.

Lakini Wirat alikuwa akisimama dirishani gari likipita.

"Kwa nini mmelipaka jeusi?" aliwauliza watu.

"Lipi?"

"Lile la Pikun. Jeusi tii."

"Wewe, gari la kijani lile! Toa hiyo miwani ya jua."

Hakuwa amevaa miwani. Baada ya hapo akaanza kuvaa glavu, kwenye joto letu lile, na wateja wakamkimbia, kwa sababu nani atanunua bahati kwa mtu anayeficha mikono? Dada yake ndiye aliyekuja kwa Pikun, asubuhi moja ya soko, analia. Kaka yake hawezi kukaa wala kukunja kiuno, amekauka kama ubao, mikono ni nyeusi mpaka mabegani. Gari la wagonjwa limeitwa, liko mbali. Na pikapu ya jirani haifai, mtu wa namna ile inabidi alazwe.

Mtaa mzima kulikuwa na gari moja tu linalolaza mtu.

Pikun alisimama na ufunguo mkononi. Hakuwa amemsamehe, na sitamsingizia kwamba alimsamehe. Alimgeukia mama yake, mwenye gari.

"Mchukue," Bi Bunlom alisema kutoka mlangoni. "Mimi nimeruhusu. Lakini amsalimie mwenyewe."

Walimtoa Wirat akipiga mayowe kwamba hapandi gari jeusi, wakamwingiza kwa nyuma, wakamlaza pale pale alipokuwa akilala mkwewe. Mlango ukashuka bila kusukumwa. Pikun akaingia kwenye usukani. Palikuwa na harufu ya yasmini mbichi, na nyuma yake mkanda wa usalama ukajifunga kwa mlio mdogo.

Kisha akasikia sauti ya mwanamke. Ilikuwa ya upole, haina hasira hata kidogo, ilikuwa inauliza tu, kama karani anayeandikisha watu.

"Mwenzangu, mwenye kucha hizi ni nani?"

Pikun alisubiri. Aliomba, hata yeye, kwamba Wirat aseme kweli. Ni jina moja na siku moja, basi.

"Pikun," Wirat alisema. "Mke wangu. Wa Ijumaa."

Pikun alitazama mikono yake kwenye usukani. Kucha zilikuwa safi, na zikabaki safi.

"Amesema nini?" Bi Bunlom aliuliza kutoka nje.

"Amesema twende," alisema Pikun. Kisha akainua macho kwenye kioo, kwenye kile kiti kilichobonyea. "Mama, umemsikia mwenyewe."

Hakujibiwa, wala hakusonywa. Aliwasha gari, likawaka mara moja, akaliendesha polepole na kwa uangalifu kama gari la mgonjwa linavyoendeshwa. Njia nzima aliyepiga kelele ni Wirat peke yake, mpaka kwenye njia panda ya hospitali, halafu weusi ukamfika mdomoni, naye akanyamaza.